Tawi la Wanaokuja Nyuma

Jumamosi iliyopita mama aliniomba nimpeleke kwa cucu kwa miguu. Cucu, yaani nyanya, mama yake mama, tulimzika zamani ng'ambo ya mto Chania, na mama amechoka kufikishwa kaburini kwa pikipiki kama gunia la viazi. "Nataka kuipita njia yetu mara moja tu, kabla magoti hayajakataa kabisa," alisema. Wanangu niliwaacha kwangu Ruiru, kwenye sofa. Nilipowaambia twende, walinicheka: kutembea kwenda wapi, na boda ziko?

Wewe uliyekulia pande hizi unaijua njia ya aina hiyo. Ilianzia nyuma ya nyumba yetu Ngoingwa, ikakata shamba la kahawa, ikateremka mtoni na kupanda upande wa pili hadi kwa cucu. Nani aliikanyaga kwanza hakuna aliyejua. Cucu mwenyewe alisema aliikuta. Likizo ya Agosti njia hiyo ilitumalizia siku nzima, mama na sisi watoto, si kwa umbali, ila kwa kusimama simama. Nakumbuka umande kwenye miguu mitupu, na ile harufu kali ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Mama alibeba nduma na chai ya maziwa kwenye thamosi, tukala juu ya mawe ya mtoni, maji yakipiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa kupayuka. Mwiba ukikuingia, aliuchokoa kwa mwiba mwingine wa kayaba, ule mti wa ua, huku akisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende," nawe ukilia alikucheka.

Mimi nilikuwa wa mwisho kila mara, kwa sababu ya mapera. Mama hakunipigia kelele. Njia ilipogawanyika, alivunja tawi lenye majani akalilaza kukinga ile isiyo yetu. Ndivyo watu wa kwetu walivyowaelekeza walio nyuma. Nami nikifika nilitazama tawi tu, nikajua pa kupita. Sikupotea hata siku moja. Nikikumbuka kupendwa utotoni, tawi hilo ndilo linalonijia kwanza. Nilikuwa nawafikia wenzangu mifuko imejaa mapera, mdomo umejaa mbegu.

Basi Jumamosi hiyo hatukwenda mbali. Kahawa imeng'olewa yote. Mahali pake pana ukuta na geti jeusi, na mtaa wa ndani umepewa jina la Kizungu linalosifu mto, huku mto wenyewe wameuficha nyuma ya ukuta. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akatoka kibandani.

"Cucu, hapa hakupitwi. Mko na mwenyeji huko ndani?"

"Mwenyeji ni mimi," mama akasema. "Hii ni njia."

"Ngai! Njia gani, cucu? Hii ni estate. Rudini hapo kwa lami, boda atawazungusha hadi kwa daraja."

Niliwaka. Nilimuuliza nani aliyeuza njia ya watu, nikijua vizuri kwamba kijana wa watu hajui. Shamba lilikuwa na hati, warithi wakaliuza. Njia haikuwa na hati, kwa hivyo hakuna aliyeinunua wala aliyeulizwa, waliifunika tu. Nina uchungu na jambo hili, rafiki yangu, na usiniambie ni maendeleo.

Mama hakugombana na mtu. Alijikokota hadi kwenye kayaba kidogo iliyobaki kando ya ukuta, akavunja tawi, akainama kwa shida, akalilaza mbele ya geti.

"Sasa cucu, hiyo takataka unaniachia mimi?"

"Ni ya wale wanakuja nyuma," mama akasema. "Wasijisumbue kupita huku."

Kijana akanyoosha shingo, akaitazama barabara yote tuliyotokea, kwa heshima kabisa.

"Wako wapi, cucu? Mbona siwaoni?"

Mama alinitazama mimi. Nami nikaikumbuka ile sofa ya Ruiru.