Kocha Honi Anyamaza

Mjukuu wangu ni kocha wa mbio za kupokezana vijiti, na jina la Honi hakujipa mwenyewe. Akipaza sauti uwanjani, kunguru waliotua kwenye nyaya za umeme husahau walikuwa wanakwenda wapi. Mkibisha, waulizeni kunguru.

Mwaka jana wasichana wake walidondosha kijiti mashindano mawili mfululizo. Mwenyekiti wa chama cha riadha, mtu mwenye tumbo ambalo halijawahi kukimbilia hata basi, akamwambia wazi:

"Kikidondoka tena, timu namkabidhi mwingine."

Honi hakulia. Alijiandikisha kozi ya makocha ya Jumamosi.

"Kukimbia nako kunasomewa darasani?" nikamcheka.

"Bibi, siku hizi kocha anafanya utafiti."

"Anatafiti nini, miguu?"

"Anajitafiti mwenyewe."

Basi akafunga simu kwenye nguzo ya goli, akarekodi mazoezi. Jioni tulikaa sebuleni kuangalia, akirudisha nyuma palepale mpaka nikawajua wale wasichana kwa visigino. Anayepokea kijiti hageuki; anapaswa kunyoosha mkono akisikia mwenzake aliye nyuma akisema "Shika!" Ghafla Honi akasimamisha picha.

"Ona, Bibi. Mwenzake keshasema. Mkono haujatoka."

Akaiachia. Humo kwenye video sauti yake mwenyewe ikanguruma kutoka pembeni mwa uwanja: "Mkonooo!" Mkono ukatoka.

"Wananisubiri mimi," akasema polepole. "Na siku ya mashindano nakaa jukwaani, hawanisikii."

"Si upaze zaidi?"

"Hapana. Nanyamaza."

Kunyamaza, yeye! Mtoto aliyezaliwa analia mpaka mkunga akaomba likizo! Siku ya kwanza alijaza maji mdomoni ajizuie. Kijiti kikadondoka, naye akayapuliza yote kwenye uso wa Twiga, yule msichana mrefu anayemalizia mbio.

"Kocha, kwani tumekukosea nini?"

"Hakuna. Kuanzia leo sikilizaneni nyie kwa nyie. Mimi simo."

Kijiti kikaendelea kudondoka. Mwenyekiti akapita, akacheka kwa pua. "Kozi yenyewe ndiyo hii?"

Honi akauma midomo, akawaonyesha wasichana kwa kidole: rudieni. Wakarudia. Jua likawachoma, wakarudia. Siku moja nikamsikia Twiga akimfokea mwenzake, "Sema kwa nguvu, mimi si mchawi!" Honi akatabasamu peke yake.

Siku ya mashindano nilikaa naye jukwaani. Watu walipiga kelele mpaka mabati yakataka kuondoka. Yeye kimya, kucha zake zimezama mkononi mwangu, alama ninazo. Kijiti kikapita mkono hadi mkono, hakikugusa chini. Wakashika nafasi ya tatu.

Mwenyekiti akaja anahema. "Haya, timu baki nayo."

"Asante, mzee." Macho ya Honi yalikuwa kwenye simu, anarudia video ya mbio aliyoirekodi. "Twiga, mkono wako ulichelewa. Kesho asubuhi uwanjani."

"Kocha jamani! Hata soda hatujanywa!"

"Kunyweni. Halafu kesho asubuhi."