Beringi ya Moto, Shafti Baridi

Nakumbuka vizuri sana siku niliyochomwa na chuma mahali ambapo sikukitia moto. Angalia kiganja hiki, mwanangu. Kovu hili ni la zamani kuliko ndoa yangu, na wateja wa gereji yangu hapa Chechelesi, Isiolo mjini, wakiniuliza habari zake, huwaambia ndicho cheti changu. Cheka tu, lakini kaa nikueleze nilivyokipata.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikijifunza ufundi kwa Abuya, maana hivyo ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mjomba. Tuliitwa upande wa Garbatulla, injini ya kisima imekufa. Siku tatu bomba halijatoa hata tone. Mifugo ilikuwa imepangwa kwa zamu, kwa sababu kisimani kwetu hakuna tajiri wala mkubwa, kuna zamu tu. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wa mwisho kabisa. Wawili walikuwa wamelala chini, hawataki kuinuka. Ng'ombe akilala hivyo wakati wa kiangazi, ujue umebakiwa na saa chache.

Abuya aliuona ubovu upesi: beringi imekwisha, ile pete ya chuma inayovishwa kwenye shafti, yaani mhimili wa injini, ili uzunguke vizuri. Tulikuwa na mpya moja tu. Nyingine ilikuwa Isiolo mjini, safari ya siku nzima kwa barabara ile ya mawe. Akaniambia, "Talaso, isafishe, kisha unisubiri. Naenda kuswali."

Kusubiri? Mimi? Nikaivisha kwenye ncha ya shafti, ikakwama. Nikachukua nyundo, nikagonga. Mzee Jarso, mwenye zamu ya kwanza, alikuwa amesimama pale na fimbo yake mabegani.

"Wee msichana," akasema, "ng'ombe zangu hazinywi nyundo."

Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira. Nilijua chuma kikipata moto hutanuka, basi nikawasha tochi ya gesi nikaielekeza kwenye beringi pale pale ilipokwama. Nikasukuma. Wapi! Nikazidisha moto, nikasukuma tena. Wapi! Nikaona niishike shafti ili nipate nguvu, mahali ambapo moto wangu haukufika kabisa. Uwii! Kiganja chote kikatoka malengelenge.

Abuya alirudi akanikuta nalia. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alinimwagia maji mkononi kwa muda mrefu, maji ya kunywa tuliyobakiwa nayo, kisha akauliza, "Ulidhani moto utakaa pale ulipouweka? Moto ni msafiri, binti, na chuma ndiyo barabara yake. Umenenepesha pete, na kidole nacho umekinenepesha. Sasa itaingiaje?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa nimeunguza mkono. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Lakini hakuninyang'anya kazi. "Umeanza wewe, utamaliza wewe," akasema.

Tuliitoa beringi polepole kwa kipande cha mti, akaikagua, akashukuru Mungu kwamba ilikuwa bado nzima. Shafti tukaizungushia gunia lililolowa yale maji yaliyomwagika mkononi mwangu, tukaiweka kivulini hadi ikapoa kabisa. Beringi tukaitumbukiza katika sufuria ya oili juu ya makaa, moto wa taratibu, ipate joto pande zote sawasawa. Watu walinung'unika. Mzee Jarso akauliza kama tunapika pilau. Abuya akaigeuza beringi ndani ya oili.

Mwishowe akanivalisha glavu za ngozi. "Sikiliza. Itaingia kama pete ya harusi, lakini usisimame katikati. Ukisita, joto litahamia kwenye shafti, beringi itajikaza, na hakuna nyundo itakayoitoa."

Nikasema bismillahi, nikaichukua, nikasukuma mara moja. Tap! Ikafika mwisho. Kwa mkono wangu huu huu ulioungua! Tukaiacha ipoe yenyewe, na ilipojikaza hukuweza kuitikisa. Tukafunga kila kitu, Abuya akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikanguruma, bomba likatema tope, halafu maji. Maji, mwanangu! Wanawake walipiga vigelegele hadi punda wakatimka.

Mzee Jarso akaja mbele yangu. Nilidhani ataswaga ng'ombe wake. Zamu haivunjwi, lakini mwenye zamu anaweza kuitoa. "Hii ya kwanza ni yako, fundi," akasema. "Mwite baba yako." Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita fundi. Baba alibeba maji kwa ndoo hadi kwa wale ng'ombe wawili waliolala, na kabla ya jua kutua, wote wawili walikuwa wamesimama.

Basi mwanangu, hata leo vijana wanapokuja na mashine zao mpya, chuma ni kile kile. Utasikia wakisema dawa ya moto ni moto. Mimi nakwambia, mtu akija kwako amewaka, wewe poa, kwa maana mkiwaka wote wawili hakuna kitakachoingia. Kabla hujawasha, jiulize joto litafika wapi. Na ukishajiandaa, saa ikifika, sukuma hadi mwisho, usisite.

Mungu akupe moyo uliopoa na mikono isiyotetemeka. Visima vyako visikauke, na siku moja mtu aliyekucheka akupe zamu yake mwenyewe. Amina.