Mto Unaopanda Mlima

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Nairobi na mchezo wake wa simu, na ndani ya mchezo kuna nchi nzima. Nilichungulia nikaona jangwa, hatua chache mbele mlima wa theluji, na mto unaopanda huo mlima. Chini ya theluji migomba imezaa.

"Mvua yao inatoka upande gani?" nikamuuliza.

"Magokoro," akaniita bibi yake kwa Kikisii, "huko hainyeshi mpaka upige uchawi."

Nchi ya uongo, na yeye anakijua kila kilima chake kwa jina. Nikamuuliza jina la kijito cha nyuma ya nyumba yetu hapa Ekerenyo.

"Si ni mto tu?"

Wivu ukanishika kama nimeletewa mke mwenza. Mimi nilipoolewa, mama mkwe alinisimamisha ndani ya kila kijito, maji magotini, ndipo akanitajia jina lake.

"Magokoro, unaionea simu wivu?"

"Ndiyo, naionea. Iweke chini, twende mtoni nikakusimamishe."

"Ngoja nivuke theluji kwanza."

Basi nikakaa mlangoni na mtungi wangu, nikimngoja amalize mlima ambao haupo.