Mstari wa Kwanza

Mpogoaji wa mizabibu katika shamba la akina Phelista, karibu na Kachibora, hakati tawi kabla ya kuligusa kwa kidole gumba, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akishakata, hupangusa mkasi kwenye koti lake, hunong'ona "Haya," na kusogea kwenye mzabibu unaofuata. Hapazi sauti kamwe.

Mwaka huu ugonjwa uliingia mstari wa kwanza, ule ambao marehemu mama yake Phelista aliupanda mwenyewe. Phelista akaleta trekta iung'oe kabla ugonjwa haujaenea. Mpogoaji akasimama mbele ya trekta.

"Madam, hii mama alipanda na mkono. Itatoka na mkono."

"Mzee, ni mizabibu sitini!"

"Si niko?"

Akaanza kuchimba. Kila mzabibu uliotoka aliulaza chini polepole. Phelista, ambaye hakulia hata siku ya mazishi, alimtazama hadi mzabibu wa nne. Kisha akamrudisha dereva, akavua viatu, akashika jembe huku machozi yakimtiririka.

Mzee hakumtazama. Alimwambia tu, "Chimba mbali kidogo na shina, mwanangu. Usiumize mizizi."