Ute wa Yai na Mafuta ya Korosho

Nimewacheka watu wengi, lakini mjinga namba moja ni mimi mwenyewe, mwalimu wa kemia kutoka Moshi, niliyehamishiwa Newala nikajiona nimekuja kuwastaarabisha watu.

Tangu kila kitu kiwe ruksa, maduka yamejaa krimu za nje, eti zinalisha ngozi protini. Nikawaambia kidato cha tatu huo ni upuuzi. Protini ni kubwa, haipenyi utando wa seli hai. Utando wenyewe ni mafuta, kwa hiyo lazima uifunge protini ndani ya vitone vya mafuta ndipo seli iipokee.

"Nitajipaka mwenyewe, Jumatatu mtauona uso wangu," nikatamba.

Protini, yaani ute wa yai, nilikuwa nayo. Mafuta nikayaona uani kwa jirani yangu, Mama Fatuma, aliyekuwa akibangua korosho, mikono yake imejaa majivu.

"Mama Fatuma, majivu ya nini tena?"

"Bila majivu sizishiki, Mwalimu."

Nikacheka moyoni: ushirikina mtupu! Alipoingia ndani, nikachota kwa kijiti yale mafuta meusi yaliyochuruzika kwenye maganda, nikayakoroga na ute, nikajipaka mpaka masikioni.

Jumatatu niliingia darasani uso umeunguzwa na mafuta yale, umevimba, unabambuka kama kiazi cha kuchemsha. Nikasema nimeumwa na nyuki. Hakuna aliyecheka. Fatuma, binti wa jirani yangu, akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani, Mwalimu. Kwani hukupaka majivu kwanza?"