Waya wa Chumba cha Baba Mkwe

Ni mimi niliyeung'oa ule waya. Kwa miezi kadhaa niliwaambia watu kwamba ni mafundi wa rangi, na mafundi hao, maskini, hawakuwapo kujitetea.

Aliuweka mume wangu, miezi michache kabla ya kufa. Nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno ni ya zamani, kuta zake nene. Modemu ilikuwa sebuleni, na chumba cha baba yake kilikuwa mwisho wa korido. Mzee alikuwa amejifunza kusikiliza muziki wa mtandaoni kwenye spika yake: kwaya za Kasai asubuhi, rumba za ujana wake jioni. Lakini wifi ilifika kule imeshachoka. Basi mume wangu akapanda juu ya kiti, akapitisha waya juu ya mlango wa sebule, akaushusha hadi usawa wa bega, akaupigilia kwenye ukuta wa korido mpaka kwa mzee kwa misumari midogo isiyofuata mstari wowote. Alitukana kila msumari. Mimi nilishika kiti na kucheka.

Alipokufa, mzee alibaki nami. Kwa watu wa Kasai, mke wa mtoto haingii chumba cha baba mkwe, wala habishani naye. Zamani mume wangu ndiye aliyetubebea maneno. Sasa tukawa tunazungumza kwa vitu. Kikopo cha chumvi kikiachwa ukingoni mwa meza, nilijua mchuzi ulikuwa umepooza. Nikitundika koti lake karibu na mlango, alijua nimeona mawingu. Tulielewana vizuri sana, au ndivyo nilivyojisifu.

Mwaka wa matanga ulipoisha, niliamua korido ipakwe rangi. Asubuhi, kabla mafundi hawajafika, niling'oa waya pamoja na misumari yake. Walipoondoka sikuurudisha. Nilisema uliharibika mikononi mwao. Nilisema pia kwamba siku hizi waya ni ushamba, kila kitu kinapita hewani. Nimesomea fasihi chuo kikuu. Naweza kueleza kwa nusu saa jambo nisilolijua. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kupita karibu na ile misumari.

Tangu siku hiyo muziki wa mzee ukaanza kukatika. Nilisikia nikiwa jikoni: kwaya inapanda, inapanda, kisha kimya, mzee anakohoa, halafu wimbo unarukia mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakulalamika. Angemlalamikia nani? Mimi niliendelea kukata vitunguu. Baada ya majuma machache akawa hawashi spika kabisa.

Jumapili moja alitokea barazani amevaa suti, begi miguuni.

"Mama, naenda kusalimia batoto ya Kipushi kidogo."

"Siku ngapi, Papa?"

"Tutaona."

Nikamfungia samaki wakavu, kama mkwe mwema. Yalipopita majuma matatu bila yeye kurudi, nilimwita fundi wa mtandao aweke waya mwingine, ili mzee aukute. Alikuja kijana mnene, akaugonga ukuta kwa ngumi, akacheka.

"Mama, hii iko ukuta ya Babeleji, ya wakati ya ukoloni. Wifi itapita wapi? Nani alitoa waya ya zamani?"

"Mafundi wa rangi."

"Aah, bale bantu! Bakiingia mu nyumba, ni kuharibisha tu."

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba nami wamenikosea.

Waya mpya ulinyooka vizuri. Fundi aliingia chumbani kuujaribu, mimi nikabaki mlangoni, na wimbo ukapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika hata mara moja. Nikamwandikia shemeji yangu wa Kipushi, mdogo wa mume wangu, amwambie Papa kwamba muziki wake uko tayari.

Alinipigia alasiri ileile.

"Shemeji, Papa eko hapa pembeni yangu. Anasema aksanti, lakini usisumbuke. Ile neno yako alishaelewa."

"Neno gani?"

"Kutoa waya. Anasema matanga ilikwisha, na haukumufukuza na kinywa. Ulimupatia heshima. Hana kasirani."

Nikakaa chini, hapohapo koridoni.

"Shemeji, ni miye nilitoa ile waya. Hapana mafundi ya rangi. Lakini haikuwa kumufukuza. Ni ile misumari ya kaka yako. Nilishindwa kuiangalia."

Nikamsikia akimweleza mzee kwa Kiluba chao cha Kasai, polepole, kama mtu anayesoma barua. Halafu mzee akasema kitu kifupi, na shemeji akarudi kwenye simu.

"Anasema yeye, kila asubuhi akienda kunawa, alikuwa anaishika na mukono. Moja moja."

Nilikuwa nimelala muda wote huo upande wa pili wa ukuta ule, na sikuwahi kumwona.

"Anauliza uliiweka wapi."

"Nilitupa."

Shemeji hakuhitaji kutafsiri; mzee alisikia mwenyewe. Nilimsikia mzee akivuta kiti, kisha sauti yake, tulivu, yenye adabu ileile.

"Anasema hakuna neno, mama," shemeji akaniambia. "Anasema umutumie vitu vyake."