Jogoo Niliyempeleka Mweya

Mimi ni fundi cherehani hapa Bwera, na kichwa changu ni kigumu. Redio ilipotangaza kwamba kila mtu ataingia mbugani bure, kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kikakodi gari kwenda Mweya, ndani ya mbuga hiyo, kuona viboko. Nikawaza: mtu akikualika kwake bila kukudai chochote, utaendaje mikono mitupu? Nikamfunga jogoo miguu, nikamficha kikapuni chini ya kitenge. Wenzangu niliwaona hawana adabu.

Langoni kulikuwa na foleni. Mbele yetu alisimama baba mmoja mwenye suti ya kijivu na tumbo la mtu mkubwa. Nikajua ndiye mwenyeji. Nikapiga magoti, nikamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa kutukaribisha sote. Akanitazama kidogo, kisha akapokea.

"Aksanti sana, mama."

Nikarudi kwa wenzangu nimevimba kwa sifa.

Yule baba alipofika kwa askari wa mbuga, mwanamke mwenye sauti kali, akazuiwa.

"Mzee, kuku haingii hapa! Umetoa wapi?"

"Afande, miye niko mugeni, natoka Beni," akajibu, akaninyooshea kidole. "Ni ule mama alinipatia."

Foleni nzima ikageuka. Nikaona sote tunarudishwa Bwera kwa ajili yangu. Nikapiga magoti tena, nikaeleza mambo ya zawadi na mwenyeji. Askari alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Mama, simama," akasema. "Mwenye nyumba hapa ni tembo, na yeye hali kuku."